Ombi la Kumwamuru Mpangaji Wangu Acheleweshe Kodi

Nyuma ya mashine ya kusaga ya Mzee Tluway,
Karatu.
14 Machi 1965

Kwa Bwana Afisa wa Tarafa,

Bwana Mheshimiwa,

YAH: MPANGAJI ANAYELIPA

Pokea salamu na heshima. Mimi ni Zaidi Matano, fundi cherehani, yule aliyekushonea kaptula ya kaki ukasema inabana, nami nikasema itaachia. Natumaini imeachia. Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, ingawa shemeji yangu Jumanne anawaambia watu vingine.

Bwana Afisa, mimi nina nyumba. Ni ile ya matofali yenye kibaraza, kwenye barabara ya kwendea Ngorongoro. Mbele palikuwa na duka langu la vitambaa, ambalo lilikufa mwaka juzi kwa ugonjwa wa kukopesha. Duka lilipokufa, mimi na mke wangu Mwanamisi tulishauriana, yaani yeye alisema na mimi nikakubali, kwamba tuhamie chumba kimoja nyuma ya mashine ya Mzee Tluway na nyumba tuipangishe. Kodi ni shilingi hamsini kwa mwezi. Kumi na tano tunampa Mzee Tluway. Zinazobaki ndizo unga, mafuta ya taa, ada ya binti yetu Sikuzani aliye shule ya bweni, na madeni ya duka. Unga wenyewe tunaupata kwa wingi bila kununua, maana mashine ikiunguruma unatuingilia hadi kwenye mashuka, lakini huo haupikiki.

Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa Yohani, dereva wa lori. Huyo alikuwa mpangaji wa kweli. Alilipa lori lilipotaka. Mwezi huu springi imekatika, mwezi ujao matope ya Mbulumbulu yamemshika. Usidhani nililalamika. Mtu mwenye mapato madogo anaishi kwa neno moja tu, nalo ni "mpangaji hajalipa". Mkulima mmoja wa Mbulumbulu niliyekopa mahindi kwake alikuja kunidai akiwa amekasirika kweli kweli. Nikamwambia neno hilo. Alikaa chini, akanipa pole, akaniachia na maharage ya kupika. Mzee Tluway mwenyewe alikuwa akinisimulia habari za wapangaji wabaya hadi anasahau kwamba mimi ni mpangaji wake.

Kisha Yohani akahamishiwa Moshi, akaja Sakaya Ngoyai. Huyu ni mfugaji kutoka juu Ngorongoro, ananunua ng'ombe na kuuza minadani, na alitaka nyumba mjini ili watoto wake wasome. Nilifurahi. Nilisema moyoni, mtu huyu atakuwa porini na ng'ombe wake miezi na miezi, kodi nitaisikia kwenye upepo. Bwana Afisa, sasa soma yaliyonipata.

1. Analipa tarehe mosi. Mwezi wa kwanza ilikuwa siku ya mnada. Nilikuwa nimesimama na yule mkulima wa Mbulumbulu, namweleza tena kwa huzuni jinsi wapangaji walivyo. Nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya zizi, juu ya mlio wa ng'ombe wote: "Zaidi! Mwenye nyumba! Kodi yako hii hapa. Hesabu, watu waone!" Watu waliona. Mkulima aliona, Mzee Tluway aliona, shemeji Jumanne alitokea hata sijui wapi. Kabla sijakunja noti walikuwa wamepanga mstari kama wa zahanati. Nilirudi nyumbani na bei ya kiberiti.

2. Hasikii ushauri. Nilimfuata kwa adabu nikamwambia, "Ndugu yangu Sakaya, usijisumbue. Lipa ukipata nafasi."
"Nafasi ninayo," akasema.
"Basi niletee polepole, kwa siri."
Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu anayeuza ng'ombe jioni kwa bei rahisi. "Kwani hii nyumba umeiiba?"

3. Mwezi uliofuata nilijihami. Nilikwenda Endabash kushona sare za shule, makusudi, mwisho wa mwezi, nikakaa huko hadi sare zikaisha na nyingine nikazishona upya. Sakaya hakuahirisha. Alikwenda kwa mke wangu. Niliporudi nilikuta Mwanamisi amemlipa Mzee Tluway, amempelekea mkulima fedha yake, amelipa ada ya Sikuzani, na kilichobaki amekitia kwenye kopo la kahawa lenye kufuli. Kopo lenye kufuli, Bwana Afisa! Alimpa kazi hiyo mhunzi. Jioni ile nilimwomba senti za kwenda kibarazani kwa wenzangu. Akaniuliza, "Za nini?" Nina miaka arobaini na moja, nikarudi kuketi. Tangu siku hiyo kodi inapita kwake. Mimi naisikia tu ikidondoka koponi.

4. Anatengeneza nyumba. Bati la chumba cha katikati lilikuwa linavuja, na lile tundu lilikuwa langu, nililipata kabla yake. Jumanne alipotaka arusi yake ifanyike kwangu, nilisema bati linavuja. Mama mkwe alipotaka kuja kukaa nasi masika yote, nilisema bati linavuja, na alilia kwa kunihurumia. Sakaya alipanda juu na lubega yake, na nyundo, na misumari aliyoinunua mwenyewe, akaliziba. Nikamwuliza atakata kiasi gani kwenye kodi. Akasema mvua inawanyeshea watoto wake, si wangu, hivyo hakati kitu. Kisha mke wake, Nalangu, akapaka chokaa kuta zote. Sasa nyumba inaonekana tangu kilimani. Jumanne alipita akaiona, akaja moja kwa moja kuniomba nimchangie mahari, akasema, "Shemeji, usinifiche tena, umetajirika."

5. Ameomba kodi ipandishwe. Narudia ili usidhani nimekosea kuandika. Alinikuta msikitini, watu wanatoka sala ya Ijumaa, yeye amesimama nje na fimbo yake ananisubiri. Akasema, "Zaidi, nimeuliza wenye nyumba wengine. Yako ni ndogo mno. Ongeza kumi." Nikakataa. Akasema, "Ongeza." Nikasema sitaki. Akasema basi ataongeza mwenyewe, na tukashindana pale hadi watu wakadhani tunagombana, wakaja kutuamua. Walipoelewa wanachoamua walikwenda zao bila kuaga. Mwanamisi alipopata habari aliongeza kumi bila kuniuliza.

6. La mwisho ni zito na sijui nilipange namna gani. Mke wangu huenda kule. Nalangu humpa maziwa, wanakaa kibarazani wanacheka, Mwanamisi anamfundisha kushona vifungo. Siku moja Nalangu alikuwa anasawazisha sakafu ya pale dukani kwa saruji, akakuta kishimo karibu na dirisha, akamwuliza mke wangu ni cha nini. Mwanamisi akamwambia ni cha kisigino cha mume wake, ndipo alipokuwa akikanyaga cherehani miaka tisa. Nalangu akasawazisha sakafu yote akakiacha kile kishimo.

Mke wangu alirudi siku ile jioni. Alikung'uta unga kwenye shuka, akalitandika, akasema, "Zaidi, wale wanaitunza nyumba kuliko tulivyoitunza sisi." Halafu akazima taa. Bwana Afisa, kuna maneno ambayo mwenye nyumba hapaswi kuyasikia kutoka kwa mke wake mwenyewe. Nilikaa nikisikiliza panya wa mashine.

Kwa hiyo naomba Serikali iingilie kati. Naomba Sakaya Ngoyai aamriwe kwa maandishi kuchelewesha kodi angalau kila mwezi wa pili, na anapolipa anung'unike kama watu wengine. Naomba akatazwe kulipa mahali penye watu zaidi ya mmoja, na huyo mmoja asiwe mke wangu. Akitaka kutengeneza kitu, kwanza avunje kingine. Na lile tundu la bati lirudishwe.

Usione ni jambo dogo. Tabia hii ikienea hadi Sale na Loliondo, wenye nyumba wote wa upande huu watabaki bila udhuru hata mmoja, na wadai wao watawakuta nyumbani. Tumepata Uhuru mwaka wa nne huu. Uhuru gani, ikiwa mtu mzima hawezi kusema hajalipwa?

Nisalimie karani wako, tarishi wako, mama watoto wako, na yule mbwa wako ambaye hajanizoea. Mzee Tluway anakusalimu. Jumanne pia anakusalimu, lakini akikuandikia kuhusu mahari usimjibu.

Ni mimi, raia mtulivu ninayeonewa kwa kulipwa,

Zaidi Matano
Fundi Cherehani

N.B. Bwana Afisa, nilikuwa nalamba bahasha Mwanamisi alipoingia, na Sakaya nyuma yake ameinama kukwepa kizingiti.
"Nimempa Sakaya notisi," mke wangu akasema. "Anatoka leo."
Nilisimama, kiti kikaanguka. "Unamfukuza? Mpangaji kama huyu? Unajua wapangaji walivyo? Huyu analipa tarehe mosi! Huyu ametengeneza bati kwa fedha yake! Utampata wapi mwingine?" Nilisema mengi, na kwa sauti, hadi Mzee Tluway akazima mashine ili asikie vizuri.

Sakaya alisubiri nimalize. "Asante," akasema. "Lakini mama anakutania tu, nahama mwenyewe: nyumba niliyokuwa najenga kule Mbulumbulu, karibu na shule, imekwisha kuezekwa. Nilimwambia mama mapema ili mjipange."

Mwanamisi akafungua kopo, akalimwaga juu ya meza ya kushonea. Hakuna deni hata moja lililobaki, na zilizokuwa pale mezani zinatosha kununua majora ya kitambaa kuanzia upya. Akaniambia nibebe cherehani. Nilitaka kusema kitu cha maana, lakini niligundua nimeshika mkono wa Sakaya na sijui niliushika lini. Akasema nisilie, watu wataona. Nilimjibu, waone.

Kwa hiyo kama amri umekwisha kuiandika, naomba uichane. Na ukipita Karatu usitutafute tena nyuma ya mashine. Tuko nyumbani.