Amplifaya Yangu Inataka Ardhi

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe ametamka. Jumapili anakuja kwangu kusikiliza mitambo yangu. Ikimridhisha, muziki na kipaza sauti cha harusi ya shemeji, binti yake wa mwisho, ni vyangu. Isipomridhisha, anapewa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mtu ambaye hata akikusalimia anajiona yuko jukwaani. Haiwezekani! Hotuba ya kukaribisha wageni nimeshaiandika. Utani wake nimeucheka mwenyewe.

Tatizo dogo tu. Nikiwasha amplifaya, spika zinanguruma. Mmmmmm. Na muziki haujaanza. Nimemwambia mke wangu hiyo ndiyo besi. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 4 Juni
Nimemkamata mchawi: friji! Inanguruma, spika zinanguruma, lao moja. Nikaichomoa asubuhi. Spika zikaendelea vilevile. Nikaenda kazini kichwa kimejaa, friji nikaisahau. Jioni maziwa yameharibika, nyama inanuka mpaka mlangoni. Mke wangu haongei na mimi. Anaongea na masufuria, tena kwa kishindo.

Jumatano, 5 Juni
Nimempigia fundi umeme. Alikuwa juu ya ngazi, ana haraka zake. Akauliza, nikigusa bati la amplifaya mngurumo unapungua? Nikagusa. Unapungua! Akasema basi mashine haina ardhi, niipe ardhi. Akakata simu.

Rahisi hivyo? Nikaishusha kutoka kabatini, nikaiweka sakafuni. Bado. Bila shaka, sakafu ina vigae! Nikachota udongo kwenye maua ya mke wangu, karai zima, nikaikalisha amplifaya humo. Bado. Nikawaza, labda udongo mkavu. Nikanyunyizia maji kidogo.

Pu! Nyumba nzima giza.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi kaja mwenyewe. Akalitazama karai. Akatafuta kiti, akaketi. Akauliza nimepanda nini na natarajia kuvuna lini. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa anaongea, ingawa na fundi.

Kumbe ardhi ni waya! Unapitia kipini cha tatu cha plagi, na kwenye plagi yangu kipini hicho kimekatwa. Fundi akauliza ni mwendawazimu gani aliyekikata. Nikasema dunia imeharibika. (Ekstensheni yangu ina matundu mawili, mtu afanyeje?) Bahati nzuri fyuzi tu ndiyo iliyoungua. Akabadilisha fyuzi, akaikausha amplifaya, akafunga plagi mpya, akachomeka ukutani. Kimya! Kimya kitamu! Nilitaka kumkumbatia, akakwepa.

Jumapili, 9 Juni
Asubuhi nikapiga hesabu zangu. Mwanyumba naye ana ardhi moja. Tukilingana, atashinda mwenye spika kubwa, yaani yeye. Dawa ni kumpita. Nikaunga waya wa pili, kutoka kwenye bati la deki ya muziki hadi bomba la maji jikoni. Ardhi mbili! Nani mwingine anazo?

Sikupata nafasi ya kujaribu, nilikuwa natafuta shati. Baba mkwe akaketi, mwanyumba pembeni yake kakunja nne. Nikawasha.

MMMMMM! Vikombe vikatetemeka mezani. Baba mkwe akavua miwani. Mwanyumba akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi, labda niutoe waya wa bombani, ardhi mbili zinagombana. Wivu mtupu! Nikakataa. Nikapandisha sauti, nikaanza hotuba. Hata wageni waalikwa sijawafikia, baba mkwe akanyanyuka, akamwambia mwanyumba aandae mitambo yake. Kipaza sauti kimekwenda hivyo.

Nimeumia, sifichi. Shemeji huyu nimemjua angali anabeba mkoba wa shule, na hotuba ile niliiandika kwa moyo wote. Mke wangu ameniletea chai. Chai ina sukari ya kutosha, nadhani ananihurumia.

Lakini kosa nimeshaligundua. Ardhi mbili hazikutosha. Waya wa tatu ninao, na bomba la jirani liko chini ya dirisha letu.