Filimbi Badala ya Neno Lile

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi, uliponipa shajara hii ulisema niandike ukweli wote au niirudishe. Naapa kuandika wote, hata usionipendeza. Jumapili nitakutumia kurasa kwa posta.

Ukweli wa kwanza: mimi ni mwongozaji wa filamu! Jumamosi ni Siku ya Wazazi. Chama cha Maigizo kitaonyesha ile sinema kongwe ya vita ambayo kila mtu mzima anaijua, ila safari hii tunaiigiza sisi wasichana, kwa masharubu ya mkaa. Mwalimu wa Historia ametoa simu yake iwe kamera. Mtaro ambao mafundi bomba waliuacha wazi nyuma ya maabara ndio handaki letu. Moshi wa mabomu ni vumbi la chaki. Nimekung'uta dasta za shule nzima. Bado napiga chafya.

Kapteni ni msichana tunayemwita Twiga. Sikumtaka. Lakini ndiye mrefu kuliko wote, na ndiye pekee mwenye koti refu la mvua. Anadai uongozaji ungemfaa yeye, maana kutoka alipo anaona mbali.

Ukweli wa pili ni Babu. Ni baba yako na kisa unakijua, lakini shajara haikijui. Babu akiwa kijana aliajiriwa kuwa mmoja wa wapagazi katika sinema ile ya zamani. Sanduku lake lilijazwa mawe, eti jasho lionekane la kweli. Kapteni wa sinema anageuka, anamnyooshea kidole yeye hasa, anamwita Neno Lile. Siliandiki hapa. Nyumbani kwetu halisemwi. Sinema ilipita, Neno Lile likabaki. Mpaka leo Fundi Cherehani wa ng'ambo ya barabara humwita hivyo kwa sauti, akicheka, na Babu hupunga mkono kana kwamba amesalimiwa.

Kila sinema hiyo inapoonyeshwa, Babu huinuka pale pale na kutoka. Hajawahi kuona mwisho. Leo nimeapa: Jumamosi Babu atakaa mpaka mwisho. Amesema atakuja, mjukuu wake asije akalia. Ila atakaa karibu na mlango.

Jumanne, 4 Juni

Kikao kizito. Mwalimu Mkuu amesema Neno Lile likisikika mbele ya wazazi, chama kimefungwa. Mwalimu wa Historia akauliza, tukilifuta, nani atajua kwamba watu waliitwa hivyo? Mkuu akajibu kuwa tukilisema, Kidato cha Kwanza watatoka nalo getini kabla ya chakula cha mchana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema nina mpango. Sikuwa nao. (Ukweli wote!)

Mpango ulikuja wakati wa mapumziko: kulainisha. Penye Neno Lile, Kapteni aseme "wapendwa".

Mazoezini Twiga alitoa mishipa ya shingo, akapunga fimbo, akanguruma: "Inukeni, wapendwa!" Wapagazi, ambao ni Kidato cha Kwanza watupu, hawakuinuka. Walitabasamu. Mmoja akamjibu asante, Kapteni, nawe pia. Twiga akasema hajapaka mkaa usoni aje kugeuzwa mhubiri.

Jioni nilimwuliza Babu, aliyekuwa akigongelea mguu wa kiti. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha akauliza, kama tulikuwa wapendwa, yale mawe yalikuwa ya nini? Nikamshikia kiti.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wenyewe umepatikana! Filimbi. Kapteni akifika penye Neno Lile, filimbi italia juu yake. Kila mtu atajua kuna neno hapo, na hakuna atakayelisikia. Mkuu amekubali. Mwalimu wa Historia ameliita "wazo la busara". Nimeyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu la Hisabati, nijipoze.

Nimeazima filimbi ya Mwalimu wa Michezo, na alasiri nzima nimefundisha shambulio kuu la ngome ya adui. Amri zangu ni chache na wazi. Filimbi: toka handakini, kimbia mbele, usiangalie kilichopo. Ngoma: rudi handakini, ruka ndani. Askari na wapagazi sawasawa. Nimerudia mpaka zikawaingia damuni. Mwalimu wa Michezo alipopuliza filimbi nyingine kwenye mechi ya netiboli, Kidato cha Kwanza walitoka mtaroni na masanduku yao wakapita katikati ya uwanja. Magoli mawili yaliwaponyoka wachezaji. Nilijivuna sana.

Twiga aliuliza kama filimbi moja itaziweza kazi mbili. Nilimjibu kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Akasema kukonda ameshakonda.

Ijumaa, 7 Juni

Maangamizi.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kamera tayari. Vumbi la chaki likarushwa. Twiga akasimama ukingoni mwa handaki, akavuta pumzi, akamnyooshea kidole mpagazi wa kwanza. Nikapuliza.

Wote wakatoka. Wapagazi mbele, na masanduku, bila kuangalia kilichopo. Twiga aliwahi kusema "Jamani, ngo—". Kisha nikaona soli za viatu vyake tu.

Nikaamuru turudie. Yakawa yale yale. Nikadhani hawakusikia vizuri. Ukweli wote, Shangazi: mara iliyofuata nilipuliza kwa nguvu zaidi. Kapteni alianza kukimbia kabla sijapuliza. Wapagazi wakampita njiani, naye akaingia handakini peke yake.

Chaki ikaisha. Simu ikazimika. Mwalimu wa Historia alisema, huku ameziba mdomo kwa leso, kwamba kilichomo simuni ndicho tulichonacho, na kwamba usiku ataviunganisha vipande vyote.

Nililia kidogo maabarani, karibu na mizani. Twiga akaja na matope mpaka masikioni, akakaa kando yangu. Akasema sharubu moja ameimeza. Akasema kama nina huzuni, nijaribu kuwaona kutoka chini Kidato cha Kwanza wakija wakiwa wamenuna. Nikacheka bila kutaka. Lakini hatujawa marafiki.

Babu anakuja kesho. Nimemwahidi nini, mimi?

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Babu alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia gotini. Nyuma yake, kwa mkosi, Fundi Cherehani, anayesomesha binti hapa.

Pakafika pale. Kapteni akavuta pumzi. Kidole kikanyooka. Babu akashika kofia, akainuka. Nikafumba macho.

Filimbi!

Halafu kishindo cha kicheko ambacho sijawahi kukisikia shuleni. Nilipofumbua macho, Kapteni hayupo, wapagazi wanapita juu, na Babu amesimama na kofia mkononi, mdomo wazi. Hakutoka. Kapteni akarudi, akavuta pumzi tena. Filimbi! Chini. Alipovuta pumzi mara nyingine, wazazi hawakungoja. Walipuliza wenyewe, kwa vidole, kwa midomo, mpaka mpishi mlangoni.

Babu alibeba kiti chake akaja kukaa katikati, akaomba radhi kwa kila goti alilolipamia.

Mwishoni, kwa kuwa hakukuwa na wa kuwasimamisha, wapagazi ndio walioingia kwanza katika ngome ya adui. Babu aliniuliza, kumbe walifika? Nikamwambia ndiyo, lakini kwa makosa. Akasema hata kwa makosa, walifika. Akaomba aoneshwe tena.

Getini Fundi Cherehani alipanua kifua amwite Babu kama kawaida yake. Neno halikutoka. Kidato cha Kwanza walikuwa wamepanga foleni ya soda, na walipomwona anavuta pumzi walipuliza wote kwa pamoja. Fundi akageuka haraka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na kitu. Akakohoa, akasema, "Shikamoo, Mzee." Babu akaitikia marahaba, taratibu, kama mtu anayeonja kitu.

Jumapili, 9 Juni

Kila mtu anasema filamu ilikuwa nzuri. Wananihurumia. Filamu iliyoharibika naijua! Kapteni alipaswa kubaki wima. Asubuhi nzima Babu yuko uani na vidole viwili mdomoni, anajifunza kupuliza, na majirani wamechoka.

Shule jirani imetuomba tukaionyeshe mwezi ujao. Haiwezi kwenda vile. Nimefikiri kwa makini na kosa nimelipata: lilikuwa filimbi. Filimbi ibaki ya kushambulia tu. Tutarekodi upya, Kapteni asimame pale pale ukingoni, mgongo kwa handaki, na penye Neno Lile tutapiga ngoma. Nimemweleza Twiga. Amecheka mpaka akakaa chini, akasema atakuja na makoti mawili. Wivu.

Tatizo limebaki moja. Ngoma ya shule imepasuka. Shangazi, ile yako kubwa, inayosikika mpaka ng'ambo, bado unayo? Nijibu kwa posta ya kwanza.