Tangi Langu Juu ya Udongo wa Mama Dirie

Jumatatu, Aprili 7
Maundu, kichwa chako ni kigumu kuliko jiwe la kusagia! Fundi mzima, kunikataza udongo wa bure! Jirani yangu Saado, Mama Dirie, anajenga. Amechimba udongo mweusi wote mpaka kwa mwamba, anautupa, halafu ananunua murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ajazie. Kutupa udongo! Nimemwambia alete kwangu. Akacheka, akasema nichukue wote. Wote! Nitauinulia tangi langu jipya, lita elfu tano. Miaka sita nachota maji kwa mfereji wake. Yatosha.

Jumanne, Aprili 8
Kilima kiko tayari. Tumekikanyaga kwa miguu. Maundu akaleta ujuzi wake. Akalowesha udongo, akauvingirisha kiganjani ukawa mwembamba kama kamba ya kiatu. Haukukatika. Akajaribu na murram, ikavunjikavunjika. Akasema huu mweusi umejaa chembe laini za udongo wa mfinyanzi: ukinywa maji unafura, ukikauka unanywea, ukiuwekea mzigo unazama polepole. Nikamwambia kinachoshikana ndicho chenye nguvu. Kwetu Bungoma nimekandika nyumba nane, hakuna iliyoanguka. Akapangusa kiganja kwa suruali. Nimemshinda!

Jumatano, Aprili 9
Boza la maji limejaza tangi. Tangi limesimama kama askari! Nimemwita Mama Dirie aone. Akasema tungoje, mzigo bado haujakaa. Wivu huo. Nimealika akina mama wa kanisa Jumamosi. Watakunywa chai ya maji yangu mimi.

Alhamisi, Aprili 10
Mvua. Tangi limeinama kidogo upande wa Mama Dirie. Linasalimia tu.

Ijumaa, Aprili 11
Hizo si salamu tena! Mfuniko unachungulia sukuma wiki za Mama Dirie. Akapaza sauti juu ya ua, eti Mama Makokha, tangi lako linataka kuolewa kwangu! Nilicheka, lakini ndani ya nyumba. Mpango: mawe upande ulioinuka. Maundu akasema na huo pia utazama. Nikamwambia si ndivyo ninavyotaka, wewe?

Jumamosi, Aprili 12
Limenyooka! Nilijua! Ila limenyooka chini. Kilima chote kimelala, na mfereji wa tangi umegusa ardhi. Hata kikombe hakipiti, sembuse mtungi. Akina mama wakafika. Mmoja wao, Gathoni, akalala kifudifudi kuutafuta mfereji, wakacheka mpaka leso zikalowa. Nami nikacheka, ningefanya nini? Mama Dirie akaleta maji yake na maziwa ya ngamia. Sufuria mbili za chai zikaisha! Akaniambia murram imembakia, nichukue, tuanze upya pamoja. Ana roho nzuri huyu mama. Nimekataa. Kwani tangi limenyooka ama halijanyooka?

Maundu, Jumatatu asubuhi uje na sepetu. Chimba shimo chini ya mfereji, mtungi uingie. Na udongo utakaotoka usitupe hata kijiko. Nitauinulia banda la kuku.