Kifua cha Mama Chaingia Sokoni

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Mkurugenzi wa ubunifu hapa chuoni ametangaza: Ijumaa anakuja mwekezaji. Atakayempendeza kwa kifaa chake atabaki na maabara. Mwingine ahamie stoo. Yaani mimi au Bwana Tai, mhadhiri mwenzangu, anayevaa tai hata ndani ya koti la maabara. Yeye ana bangili ya kupima mapigo ya moyo. Mimi nina kifaa cha kusikiliza mapafu. Akacheka eti changu kinafanana na pasi. Mshenzi!

Stoo siendi ng'o. Hapa maabara ndipo alipokuwa akikaa marehemu mama, pale dirishani, shali mabegani, nikimrekodi pumzi. Alinung'unika kwamba namchosha, na wiki iliyofuata alirudi mwenyewe bila kuitwa. Jioni tulifunga mlango pamoja, tukaondoka taratibu tukisengenya ndugu. Siku zile! Nimemkumbuka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 6 Machi

Majaribio. Kifaa kimemwashia mlinzi taa nyekundu. Mkutubi, nyekundu. Bwana Tai, nyekundu. Wote wagonjwa! Kwa Bwana Tai nilifurahi kidogo, sifichi.

Kisha nikashika kichwa. Kifaa nilikifunza kwa kifua cha mama peke yake, na mama alikuwa na pumu! Kwa hiyo kinaamini mtu mzima wa afya ni yule ambaye kifua chake kinapiga miluzi kama cha mama siku zake nzuri.

Lakini mimi si wa kukwama. Mama mdogo ana pumu ile ile ya ukoo. Nimempigia simu. Ameuliza kama kutakuwa na soda. Nimeapa zitakuwepo.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mdogo aliketi dirishani, akashusha pumzi. Miluzi mitupu. Taa ya kijani! Makofi! Mwekezaji, mwanariadha mwenye kifua kama kabati, akataka kupimwa naye. Nikasema betri imekwisha. Bwana Tai, mnafiki yule, akaleta betri.

Nyekundu. Jamaa akajikalia chini, akampigia mkewe simu kumwambia anampenda. Ikabidi niseme ukweli. Akauliza kifaa kimefunzwa kwa vifua vya watu wangapi. Nikasema kimoja, lakini kizuri sana. Akataka kukisikia.

Nikafungulia rekodi. Pumzi, miluzi, halafu sauti ya mama ikiniuliza kama nimekula. Mama mdogo akamjibu dada yake kwamba sijala, na nimekonda. Nikalia mbele za watu, wala sikuona haya. Mwekezaji naye akafuta macho.

Kisha akachagua bangili.

Jumatatu, 11 Machi

Stoo. Mafagio, vumbi, kiti cha mama kimebanwa na makopo ya rangi. Bwana Tai alinisaidia kukibeba, tai kaitupa begani, jasho linamtoka. Akanishauri kwa upole kwamba kifaa kinahitaji kujifunza kwa watu wengi, wazima na wagonjwa, wasio ndugu zangu. Moyo wangu ukalainika. Maneno ya busara! Nimeyapokea yote. Makosa yangu nimeyaona: kifua kimoja hakitoshi.

Nimeanza leo leo. Nimemrekodi mama mdogo kutwa nzima. Sasa vifua ni viwili. Wawekezaji wapange foleni!