Kuku wa Jumapili

Alhamisi, 4 Juni
Jumapili mama wa mchumba wangu anakuja kula. Anataka kuona kama naweza kutunza nyumba. Asiporidhika, hakuna posa. Nimejigamba nitapika mwenyewe. Shemeji, mume wa dada ninayekaa kwao, akaniambia ninunue kuku mapema, maana huku ugenini maduka hufungwa Jumapili. Nikamcheka. Huyu hanunui hata chumvi bila orodha! Duka ni duka. Kwetu unabandika sufuria kwanza, ndipo unakwenda dukani.

Ijumaa, 5 Juni
Duka kubwa kama kiwanja. Nilikwenda na chupa yangu, nikaomba mafuta ya kupima. Muuza duka akaniuliza kama naumwa. Vitunguu viwili? Hakuna, ni mfuko mzima. Mashine ya kulipia nikaiomba ipunguze kidogo. Kimya! Watu nyuma wakaanza kuguna. Nikatoka mikono mitupu, kichwa juu. Nitanunua Jumapili asubuhi, kuku akiwa bado mbichi.

Jumamosi, 6 Juni
Nimepiga pasi shati. Shemeji kajaza friji na kuandika jina lake kwenye kila kitu, mpaka kwenye limau. Choyo hicho!

Jumapili, 7 Juni
Duka limefungwa kweli. Sikubabaika. Kwetu mwenye duka huamshwa hata akiwa na homa. Nikazunguka nyuma, nikabisha hodi. Nikabisha tena kwa nguvu. Lahaula! King'ora kikalia mtaa mzima. Mlinzi akaja mbio. Nikamwambia asihangaike, nataka kuku mmoja tu na vitunguu viwili. Akanisindikiza hadi barabarani kwa kunishika kola. Shati langu!

Nyumbani nikawakuta mgeni na mchumba wangu wameshaketi. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Shemeji akafungua friji yake, akapika. Mama akala, akaongeza, akamuuliza shemeji kama ana mdogo wake ambaye hajaoa. Anaye! Mchumba wangu akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatatu, 8 Juni
Mchumba kaniombea msamaha kwa mama yake. Nimepewa Jumapili moja tu, ya mwisho. Mdogo wake shemeji naye kaalikwa. Dada kanisihi ninunue kuku leo leo. Ya nini haraka? Nimelala nikiwaza, na kosa nimeligundua: ule mlango wa nyuma ni wa ghala, nani angesikia hodi kule? Safari hii nitagonga dirisha.