Injini ya Gidahosh wa Yaeda Chini

Jumatatu, 1 Julai 1968. Endagikot.
Genoveva ametoa amri ya mwisho. Pikapu yangu isipofika Mbulu mjini siku ya Saba Saba, inakuwa banda la kuku. Mmoja ameshaanza kutamia mahali pa injini! Mke wangu namheshimu. Hapigi kelele. Anapanga tarehe.

Jumanne, 2 Julai.
Nimemweleza jirani yangu Margwe, taratibu, jinsi injini inavyochaguliwa. Ya mashine ya kusaga ina nguvu, haina haraka: inapiga tuk, inafikiri, inapiga tena. Ya lori ni ndefu, boneti haifungi. Inayofaa ni ya petroli, silinda nne. Margwe akauliza kama mimi, mwalimu mstaafu, ninayo hiyo, au ninayo chaki tu.

Jumatano, 3 Julai. Yaeda Chini.
Nimeiona! Ni ya mfugaji Gidahosh, aliachiwa na mlowezi aliyehama. Ameifunika ngozi, ameipaka samli. Uzuri ulioje! Haiuzi. Nikapata akili: anikopeshe kama tunavyokopeshana ng'ombe wa maziwa. Mimi namtunza na kunywa maziwa. Ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe aliyekopesha. Gidahosh akacheka mpaka akashika mbavu. Akakubali. Bure kabisa! Mzee wa watu hajui kwamba injini haizai.

Ijumaa, 5 Julai.
Fahali wa Margwe wameivuta mpaka huku juu. Wanyama hodari! Kama malipo yake, Margwe atapanda nami Saba Saba, tena mbele. Kuku tumemhamisha, injini tumeifunga. Ikawaka! Inaimba kama kwaya ya Pasaka. Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Jumapili, 7 Julai.
Tumefika Mbulu! Genoveva kanga mpya, Margwe akipungia watu kama mkuu wa wilaya. Uwanjani nikamkuta Gidahosh. Nikamwamkia, shikamoo, maana amenizidi umri. Akaizunguka pikapu, akapapasa boneti. Akamwuliza Genoveva kama gari hili lilitembea kabla ng'ombe wake hajaja. Genoveva hasemi uongo. Akajibu kwamba lilikaa kama jiwe. Basi, akasema Gidahosh, ng'ombe wangu amezaa.

Wazee wakaketi kando ya uwanja. Niliwaeleza silinda zote nne, moja moja. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha wakampa Gidahosh ndama wake.

Hukumu safi! Hata mimi ningehukumu hivyo. Gidahosh hajui kuendesha. Alifunga kamba kwenye bampa, akaazima fahali, akaondoka nao polepole, mama na mwana. Sisi tulirudi kwa miguu. Genoveva alibeba viatu mkononi.

Jumatatu, 8 Julai.
Nimeamriwa kujenga banda la kuku. Nimefikiri sana nikikata miti. Kosa nimeliona: niliazima jike! Margwe anasema kuna mtu huko Mogitu mwenye injini ya lori, kubwa, inanguruma. Hiyo nitaiomba kama fahali. Fahali hazai!

Imebaki kupata pikapu tu.