Kifaru Jina Lake Chui Milia

Tk! Kimya. Tk!

Mwanahija alikuwa akipepea jiko la kahawa gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, aliposikia mkasi wa kucha ukikata plastiki chumbani. Akatabasamu peke yake. Tangu kiwanda kimpunguze kazini, mumewe Ridhiwani hakuwa amemaliza kitu alichokianza, hata sentensi. Kijiweni walimwita Kimya. Leo anamaliza kifaru chake cha plastiki! Mwalimu Alawi alikuwa akitafuta mtu wa kufundisha watoto kazi za mikono kila Jumamosi. Atakayeunda vizuri mfano wa kifaru cha Wajerumani, lile gari la deraya la Vita vya Pili vya Dunia, ndiye atakayepewa darasa, na waamuzi ni kijiwe.

Kulipokucha, kijiwe kilipokusanyika kwenye kahawa ya Mwanahija, Mzee Bwanausi, waliyemwita Redio, alifungua simu hata kahawa hajaionja.

"Jamani! Grupu la Mlingotini: 'Kifaru wa Kijerumani aonekana stendi ya Msata, yuaja Bagamoyo.' Watu wamefungia mbuzi!"

"Aonekana, au chaonekana?" aliuliza Mwalimu Alawi.

"Mwalimu, mnyama ana pembe, wewe unaniletea ngeli?"

"Ngeli ndiyo habari yenyewe, mzee wangu. Hilo ni boksi la kifaru cha Ridhiwani, lilishushwa kwenye basi mwezi jana; grupu limechelewa."

Ridhiwani akakitoa kifaru chake kwenye kapu, kirefu kama kandambili.

"Kinaitwaje?" Redio akauliza.

"Chui Milia."

"Kifaru, jina lake Chui Milia! Hii vita au mbuga ya Saadani?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Salumu, ambaye kila chake ni "orijino" hadi likawa jina lake, akatua cha kwake benchini kwa mbwembwe.

"Tazameni mng'ao! Cha Kimya kimepauka kama dagaa."

"Vitani nani anapaka mafuta?" Mwanahija akamrushia, huku akimimina.

Mwalimu akapima kwa rula. "Vipimo vya vyote ni moja kwa thelathini na tano. Ukipanga thelathini na tano hivi, unapata urefu wa kile cha kweli."

"Thelathini na tano? Si tutafika Lugoba!" Redio akashika kiuno.

"Haya, minyororo ya kutembelea?" Mwalimu akauliza.

"Wangu mpira mmoja," alisema Orijino. "Hauna longolongo."

"Yangu vipande mia na tisini na viwili," alisema Ridhiwani. "Nimeviunga kimoja kimoja, na vyote vinacheza."

Mwanahija akasahau kuinua birika, kahawa ikafurika kikombe. Sentensi nzima hiyo, na kituo chake!

"Mimi nampa Orijino," Redio akatangaza. "Kinang'aa." Wawili pembeni wakaitikia kwa vichwa. Ridhiwani akaanza kuvuta kapu lake taratibu.

Mwanahija akalitua birika. "Shemeji Salumu, magurudumu hayo yamepandiana kama magamba. Wewe uliyapangaje?"

"Kwa utaalamu, shemeji."

"Ulianza la ndani au la nje?"

"Nilianza na... bismillahi."

"Hilo jibu limekamilika!" Redio akapiga paja. "Mpeni darasa lake!"

Mwalimu Alawi akageuka kukichukua kifaru cha Orijino, asikione. Chini ya benchi, Naila, binti wa Mwanahija wa miaka mitano, alikuwa amekilaza chali mapajani, akikichungua tumboni.

"Cha ami Salumu kina mahali pa kuweka betri, kama gari langu la dukani."